Mlango wa mashine yako

Minneapolis, Marekani

Kaka Rajabu,

Habari za siku nyingi? Natumaini shemeji na watoto hawajambo, na ile kazi ya Kigamboni bado inaendelea. Mimi mzima, ila muhula huu nawaza mashine yako usiku na mchana. Darasa letu la usanifu wa bidhaa limeambiwa libuni upya mashine ndogo za ujenzi, kila kundi na yake, nami nikawashawishi wenzangu tuchukue Bobcat, kipakiaji kidogo chenye kijiko mbele kama hicho unachoendesha.

Unajua asili yake ni huku Minnesota? Mwaka 1957, katika mji mdogo wa Rothsay, ndugu wawili mafundi, Cyril na Louis Keller, walimtengenezea mfugaji wa batamzinga mashine ya kuzolea samadi. Mabanda yake yalikuwa ya ghorofa, tena yamejaa nguzo, kwa hiyo alihitaji kitu chepesi kisichovunja sakafu ya juu na chembamba cha kupenya katikati ya nguzo. Ile ya kwanza ilikuwa na magurudumu matatu. Kampuni ya Melroe ya North Dakota ikauchukua ubunifu huo, na mwaka 1960 ikatoa ya magurudumu manne, inayogeuka vile unavyoijua wewe: upande mmoja unakwenda mbele, mwingine unarudi nyuma, matairi yanaburuzika.

Nauheshimu sana ubunifu ule. Lakini tazama umbo lake, Rajabu. Vipimo vilitoka kwenye banda, na mwendeshaji akabanwa kwenye nafasi iliyobaki. Mikono ya kunyanyulia inapita kushoto na kulia kwake, basi mlango ukawa mbele, juu ya kijiko. Ndiyo maana unaingia kwa kukanyaga kijiko, kisha unageuka ndipo ukae. Mashine ikizimika mikono ikiwa juu, kupita chini yake ni kucheza na roho, na njia ya dharura ni dirisha la nyuma. Huko nyuma nako injini inakuziba: fundi akiinama karibu na tairi humwoni kabisa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

JCB ya Uingereza ilishaonyesha njia nyingine: mkono mmoja tu, upande wa kulia, na mlango kushoto. Sisi tunaanzia hapo, kisha tunataka kuishusha sehemu ya nyuma ili macho yafike chini. Na kazi za wanafunzi haziishii ukutani. Mwaka 2017, kwenye maonyesho ya Las Vegas, kulikuwa na eksikaveta ndogo ambayo kabini yake ilibuniwa na wanafunzi wa Illinois, ikachapwa kwa printa ya 3D, kwa plastiki yenye nyuzi za kaboni, katika maabara ya taifa ya Oak Ridge.

Sasa nakuomba msaada. Wenzangu wanapima kwa miili ya vitabuni, na wengi hawajawahi kuikalia mashine hii. Nipigie picha za unavyopanda na kushuka ukiwa na buti zenye matope: unashika wapi, mguu unatangulia upi, goti linagonga nini. Mwombe na yule msaidizi wako mfupi afanye hivyo hivyo. Uniambie pia kwa siku moja unashuka mara ngapi, na kwa sababu gani. Nitumie kwa WhatsApp kabla ya Ijumaa ijayo, maana Jumamosi tunakata mbao za kielelezo cha ukubwa kamili.

Nisalimie wote.

Ndugu yako,
Hamisi