Wageni wafundishwe ngoma, wasiishie kuitazama

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu hizi ziara za vijana wa nje.

Mwezi uliopita kikundi chetu cha ngoma hapa Mbagala kiliitwa kupokea vijana kutoka Ujerumani. Bango lilisema ni siku ya "kubadilishana utamaduni". Wageni wakakalishwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, simu juu. Sisi tukapewa dakika 15: sindimba, bugobogobo, kisha mshereheshaji akatushukuru na kutuomba tupishe hotuba. Hotuba zikala saa nzima. Sasa hapo nani alibadilishana nini na nani?

Heri pilau ilichelewa kuiva. Vijana wetu walikuwa nyuma ya jukwaa wanapasha ngoma kwa moto wa maboksi, maana asubuhi kulikuwa na manyunyu na ngozi zilishalegea. Binti mmoja mgeni akasogea kuuliza mbona tunachoma ngoma. Akapewa moja aisogeze motoni, aigonge, asikilize sauti inavyopanda. Haikupita robo saa alikuwa amefungwa khanga kiunoni anafundishwa sindimba. Alianza na kiuno, kama wanavyoanza wote. Mwalimu wake akamsimamisha: "Miguu kwanza, dada. Kiuno kitakuja chenyewe." Na huyo mwalimu ni Msukuma, mzaliwa wa Temeke, ngoma ya Wamakonde ameijulia mazoezini kwetu. Bugobogobo ya kwao, ile ya kurusha majembe, alifundishwa papo hapo na kijana wa Kizaramo.

Kisha wetu wakadai zamu yao: na nyie kwenu mnacheza nini? Wageni wakatazamana, wakacheka kwa aibu, mwishowe wakashikana mikono wakazunguka duara la taratibu walilosema walifunzwa shuleni wakiwa wadogo. Mpigaji wetu wa chinganga, ile ngoma ndogo ya Kimakonde, uvumilivu ukamshinda, akalichombeza. Duara likaanza kukimbia, wawili wakaanguka mchangani, na hapo ndipo basi lilipopiga honi.

Ziara kama hizi hazitaisha. Dar es Salaam na Hamburg tu ni miji dada tangu 2010. Ninachoomba waandaaji ni kupindua ratiba: hotuba zipewe hizo dakika 15, saa nzima iwe ya mazoezi, wageni na wenyeji wakichanganyika. Anayetazama huondoka na picha. Aliyekosea hatua mara kumi mbele ya wenzake, wakamcheka, wakamrudisha mwanzo, huyo wameshazoeana.

Na tusiwasingizie wageni peke yao. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alilalamika bungeni kwamba wengi wetu tunajua rumba na chachacha lakini gombe sugu na lele mama hatuzijui. Leo ni amapiano na singeli. Singeli sina ugomvi nayo, tumboni mwake mna mchiriku wetu. Kinachonikera ni kwamba mtoto wa Mbagala amepakana ukuta na Mngoni, Mgogo na Mpemba, na hajawahi kuona lizombe, muheme wala msewe ila pale kiongozi anapofungua jengo. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama kina nyumba za makabila na ngoma zake, ila wanafunzi wengi ninaowaona huko hupita kwa foleni, daftari mkononi. Wawekeeni ngoma chini wazipige wenyewe.

Wapo wazazi watakaosema sindimba si ya mabinti wa shule. Waje mazoezini waone kwanza jasho lilivyo miguuni.

Tuko uwanjani kila Jumamosi alasiri. Khanga zipo. Maboksi ya kuwashia moto waje nayo.

Mpiga ngoma,
Mbagala, Dar es Salaam