Klavye ya dola mia mbili haikuomba mafuta ya cherehani

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, duka limejaa, kijana mmoja wa Bel-Air, hapa Lubumbashi, aliitua klavye yake, yaani kibodi ya kompyuta, kwenye kaunta yangu kwa kishindo. "Yaya, uliniuzia feki. Dola mia mbili na kumi, miezi miwili tu, E inatoka mara mbili. Na wenzangu wote kule tunapochezea nimeshawaambia." Mama mmoja aliyekuwa ameshika chaja mkononi aliniangalia, akairudisha chaja mahali pake, akatoka.

Sikumjibu. Nilichukua koleo la kung'olea vifuniko, nikatoa kifuniko cha E, nikaielekeza klavye kwenye taa. Swichi ilikuwa inang'aa ndani. Nikanusa. Mafuta ya cherehani.

"Uliweka nini humu, mdogo wangu?"

"Niliona kwa video wanapaka mafuta ili zishuke laini."

Hii ni ya nne tangu kiangazi kianze, ndiyo maana naandika. Kila mara ni maneno yaleyale: bei kubwa, imeharibika haraka, basi muuzaji ni mwizi. Sasa nieleze mara moja, kisha atakayekuja na hasira nimwonyeshe ukurasa huu nikiendelea na kazi.

Klavye ya dola nane, ile ya kupangwa chini kwenye mkeka pale mjini, ina utando mmoja wa mpira chini ya herufi zote. Ikichoka, unatupa. Zile za michezo ya kompyuta ninazouza mimi, kila herufi ina swichi yake: kijumba cha plastiki, springi, mguu unaoshuka, na vibamba viwili vya chuma vinavyogusana. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ndiyo iliyoleta swichi za MX miaka ya 1980, na hataza yake, ile haki ya kuwazuia wengine kuiga, ilipokwisha viwanda vya China navyo vikaingia kwenye soko. Rangi ndiyo jina la aina ya swichi: nyekundu ya Cherry unaibonyeza kwa nguvu ya gramu 45 hivi, inasajili ikifika milimita 2, inagonga chini kwenye milimita 4. Wanatangaza mibonyezo milioni 100, na wateja wanaishika nambari hiyo kama cheti cha ubatizo. Ni nambari ya maabara, jamani. Hakuna aliyeipima mwezi wa nane kwenye nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, na malori ya shaba yanapita kwenda mpakani Kasumbalesa.

Vibamba vile vikigusana havitulii papo hapo. Vinadunda kidogo, kama kifuniko cha sufuria kilichoanguka sakafuni. Klavye inalijua hilo: programu yake ya ndani inangoja milisekunde chache, mara nyingi kama 5, vitulie, ndipo iiambie kompyuta kwamba E imebonyezwa. Mafuta ya cherehani yakiingia hapo, vumbi letu jekundu linapata mahali pa kushika. Linakuwa tope. Vibamba vinadunda kupita ule muda, na kompyuta inaandika E mbili, tena bila kosa lolote, kwa sababu kweli imesikia E mbili.

Kupaka swichi kupo, sikatai, na mimi mwenyewe napaka. Lakini naifungua swichi kwanza, napaka grisi yake maalumu kwa brashi ya nywele chache, kwenye reli ambamo mguu unapita na kwenye springi. Kwenye vibamba sigusi. Swichi moja inakula dakika mbili ukiwa na mkono mzoefu. Yule kijana alidondosha kutoka juu, dakika kumi, kazi imekwisha. Alikuwa amepaka kumi na moja tu, zile anazochezea, kitufe cha nafasi kikiwemo. Klavye yake si ya kuchomoa swichi kwa mkono; zimelehemiwa. Kila swichi ina miguu miwili ya chuma kwa chini, hivyo nilinyonya risasi ya kulehemia kwenye mashimo ishirini na mawili, nikaweka swichi mpya, nikalehemu tena. Nilimtoza dola thelathini na tano. Chupa ya mafuta nadhani haikufika hata dola moja.

Alilipa. Hakuomba msamaha, lakini alilipa.

Tena ana bahati kwamba alikuja kwangu kwanza. Mwezi wa tano papa mmoja wa Kampemba aliniletea klavye ya mwanawe iliyopita kwa fundi wa redio. Huyo fundi ni mtu mzuri, redio anazijua, lakini alitumia chuma cha kulehemu kikubwa cha kuunganishia waya za spika. Kwenye bodi ya klavye njia za shaba ni nyembamba kama uzi. Ukizidisha moto kisha ukavuta swichi kabla risasi haijayeyuka yote, kile kiduara cha shaba kinatoka pamoja nayo. Nilikuta sita zimeng'oka. Ilinibidi nifuate njia moja moja chini ya lenzi na kupitisha waya mwembamba kutoka mguu hadi mguu, siku nzima. Papa yule alipoona bei akasema, "Mama fundi, kule walinitoza faranga elfu kumi tu." Ndiyo, papa. Elfu kumi ya kuharibu.

(Wengine wanaingia dukani, wananiona nimeinama na lenzi, halafu wananiuliza, "Fundi yuko wapi?" Naendelea kulehemu. Mdogo wangu wa kiume, ambaye kazi yake ni kuandika risiti, ndiye anayewajibu.)

Sasa bei. Nasikia sana: "Kwenye intaneti ni mia na hamsini, wewe unauza mia mbili na kumi." Ni kweli, na bei ile ni ya mtu anayeishi mahali ambapo gari la posta linasimama mlangoni. Klavye kubwa ndani ya sanduku lake inapita kilo moja kwa urahisi, na ndege inahesabu kilo. Forodha nayo inahesabu yake. Kisha mimi naifungua kila moja kabla ya kuiweka dirishani, nabonyeza herufi zote kwenye programu ya majaribio, natazama taa, natikisa waya. Mbovu inabaki kwangu, haifiki kwako. Garanti ya kiwanda iko kwenye karatasi, lakini jaribu kuituma klavye Ulaya kutoka hapa uone nauli. Kwa hiyo naweka garanti ya mkono wangu, miezi mitatu, na haihusu mafuta, bia, Fanta wala kisu.

Kisu, ndiyo. Wapo wanaong'oa vifuniko kwa kisu cha mezani. Shina la swichi ni msalaba mdogo wa plastiki. Ukiinua kwa upande mmoja linakatika, na kipande kinabaki ndani ya kifuniko. Koleo la waya nalitoa bure kwa kila anayenunua. Bado wanatumia kisu.

Klavye ya chumba kimoja cha mchezo kule Kamalondo ilimwagiwa Fanta usiku. Mwenye chumba alifanya alichoona ni cha busara: aliifuta juu, akaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele, akaiacha imechomekwa kwa sababu wateja walikuwa wanangoja. Fanta ni sukari. Ikikauka inakuwa gundi, na umeme ukiwa bado unapita, shaba inaanza kuota kijani. Ile hewa ya moto nayo ilipinda vifuniko vinne na kulegeza vyuma vinavyosawazisha kitufe cha nafasi. Angechomoa waya papo hapo, akaigeuza kichwa chini, asibonyeze kitu, akaniletea asubuhi, ningeiosha kwa alkoholi safi ya asilimia 99 na kumtoza dola kumi na tano. Alilipa sitini. Manukato si alkoholi safi, nayo niliseme, maana wapo wanaopulizia marashi: yana mafuta ndani, na klavye inakuja kwangu inanukia harusi lakini haiandiki.

Maoni ya wanaonunua nayajua kuliko wanavyodhani. Mama mmoja anayechapa hati siku nzima kwa mthibitishaji aliniambia vidole vyake havichoki tena jioni. Alinunua nyekundu, hana habari na mchezo wala taa, na miaka mitatu sasa analeta mara moja tu kwa mwaka kusafishwa. Papa mmoja wa mtaa wa Golf alinunua bluu, zile zenye mlio. Wiki haijaisha, mkewe alikuja nayo mwenyewe, kwenye mfuko wa soko. "Mama fundi, mume wangu anaandika usiku, mimi nasikia mtu anavunja karanga hadi saa saba." Mlio ule umejengwa makusudi ndani ya swichi, si ubovu wa kuondolewa kwa mafuta wala kwa kupaka. Kwa bahati klavye ile ilikuwa ya kuchomoa swichi bila kulehemu, nikambadilishia zote kahawia, zisizo na mlio ule, alipokuwa akinywa chai.

Lakini maoni yanayoniumiza kichwa ni ya vijana wanaosema, "Nimelipa dola mia mbili na bado wananiua mimi kwanza." Klavye nzuri inapeleka taarifa kwa kompyuta mara 1000 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 1. Zipo zinazopeleka mara 8000. Safi. Halafu unacheza kwenye seva iliyo Ulaya kwa intaneti ya simu, na ujumbe wako unatumia milisekunde mia na zaidi kwenda na kurudi, jirani akifungua video unapanda zaidi. Umenunua viatu vya mbio ukavaa kwenye foleni ya barabara ya Kasapa. Nilimwambia hivyo kijana mmoja kabla hajalipa, akadhani nataka kumficha ile iliyo bora nimuuzie mwingine.

Kisha zikaja zile za sumaku. Humo hakuna vibamba vya kugusana. Mguu una sumaku, na bodi ina kihisi kinachopima sumaku imeshuka kiasi gani. Wooting wa Uholanzi ndio waliozifanya zitamaniwe na kila mchezaji, na SteelSeries wa Denmark walileta zao, Apex Pro, mwaka 2019. Unaweza kuamua herufi isajili ikishuka sehemu ya kumi ya milimita, na iachie mara tu kidole kinapoanza kuinuka. Kwa vumbi letu nazipenda, kwa sababu hakuna chuma cha kuchafuka pale pa kugusana. Ila zinataka uelewa. Papa mmoja anayefanya kazi migodini Kolwezi alinunua ya sumaku, kisha akaagiza Dubai pakiti ya swichi za kawaida kwa bei ya chini, akazichomeka mwenyewe zote. Akanipigia simu: imekufa. Haikufa. Swichi za kawaida hazina sumaku, bodi ilikuwa inangoja kitu ambacho hakikuwepo. Nilizirudisha zake za zamani, ambazo kwa neema alikuwa hajazitupa. Kazi hiyo nilitoza dola tano, kwa sababu alicheka mwenyewe.

Na wale waliotaka klavye yenye uwezo wa kugeuza kushoto na kulia kwa papo hapo: Valve, wenye mchezo wa Counter-Strike 2, waliukataza ujanja huo humo mwezi wa nane 2024, na ukiutumia seva zao zinakutoa mchezoni. Klavye ni nzima, tatizo liko kwenye mpangilio. Uzime. Usiniletee nirudishe pesa.

Jambo la AZERTY, mpangilio wa herufi unaotumiwa Ufaransa na Ubelgiji, nitalisema kwa haraka ingawa linanila muda mwingi. Nyingi za bei hii zinakuja QWERTY ya Kimarekani, vitufe 104. Unaweza kuiambia kompyuta iwe AZERTY, sawa, lakini ya Ufaransa ina kitufe kimoja zaidi kando ya Shift ya kushoto na Enter ndefu ya kupinda, hivyo vifuniko vya AZERTY ulivyonunua kando havitakaa vyote. Tena ya Kibelgiji si ya Kifaransa: ile alama ya baruapepe, kwa Wabelgiji iko kwenye 2, kwa Wafaransa kwenye 0. Ofisi za hapa utazikuta zote mbili. Niambie kabla ya kulipa unataka ipi. Stika za kubandika siuzi. Joto la vidole linazigeuza kuwa uchafu ndani ya mwezi.

Kitu cha mwisho ni waya. Klavye yenye taa nyingi inavuta umeme karibu na kikomo cha tundu la kawaida la USB, miliampea 500. Ukiichomeka kwenye kigawanyio cha dola tatu pamoja na kipanya, feni na simu, taa zinazima, herufi zinapotea, na mimi naitwa mwizi. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, jaribu saa moja, ndipo uje. Na ukija uje na waya ulioletwa nayo. Wiki hii watatu wameniachia klavye bila waya. Zimelala kwenye rafu ya nyuma, zina karatasi ya jina, zinawangoja.