Somo, wanataka kunipa familia 15

Kwako somo yangu,

Salamu nyingi sana. Natumai u mzima wewe na wanao. Huku sote wazima, hofu ni kwako tu. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa mama mkubwa, na mara mbili umepiga sikupokea. Nisamehe, mengine tutaambizana tukionana. Leo nina jambo moja linaloninyima usingizi.

Jumatatu tuliitwa kikaoni tukaambiwa kuanzia mwezi ujao kila mhudumu wa familia zenye shida nyingi atashika familia 15. Sasa hivi ninazo 6. Kumi na tano, somo! Mkuu wetu akasema kazi ni ile ile, tujipange tu. Yule mwenzako wa zamani alinikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze. Nikanyamaza, na kimya kile ndicho kinachoniuma.

Kazi haiwezi kuwa ile ile. Nina mama mmoja tangu mwezi wa tatu: watoto wanne, malimbikizo ya kodi ya nyumba, kijana mkubwa ana kesi, kitindamimba haendi shule. Wiki sita za mwanzo alizungumza nami mlangoni tu. Nikawa nafika saa moja kasorobo asubuhi, nakaa ngazini, watoto wakitoka nawasindikiza. Alhamisi iliyopita akanishika mkono hadi chumbani, akainua godoro. Chini yake kumejaa bahasha, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Tuliketi sakafuni tukazihesabu, 23. Mikono ilimtetemeka lakini nilimwachia azichane mwenyewe, mimi nikipanga mafungu: za nyumba, za shule, za mahakama. Tatu, kutoka ofisi tatu mbalimbali, zilimtaka afike siku moja, saa nne ile ile. Hebu fikiria! Na ofisi zote tatu zimeandika kwenye faili kwamba mama huyu hana ushirikiano.

Kazi hiyo ilitula saa tatu na nusu. Sasa chukua wiki ya saa 40, toa nusu inayoliwa na ripoti, vikao na njia, zinabaki 20. Gawa kwa 15. Kila familia inapata saa moja na dakika 20. Katika muda huo godoro lisingeinuliwa, somo.

Nimekuwa nikisoma usiku habari za wenzetu. Dundee, Scotland, katikati ya miaka ya 1990, walianza mradi wa kusaidia familia zilizokuwa karibu kufukuzwa kwenye nyumba zao kwa ugomvi na majirani. Baadhi walihamia kabisa kwenye jengo la mradi, wahudumu wakawa nao karibu. Hiyo ndiyo mizizi ya kazi yetu. Halafu baada ya ghasia za mitaani za Agosti 2011 huko England, serikali ya Uingereza ikatenga pauni milioni 448 za mpango wa kusaidia familia 120,000 zenye shida nyingi, halmashauri zikilipwa hadi pauni 4,000 kwa kila familia kulingana na matokeo. Wakatangaza kwamba karibu zote zimebadilika. Lakini watafiti huru mwaka 2016 hawakuona ushahidi wa tofauti kubwa. Naamini ukilipwa kwa kuhesabu familia, utahesabu familia.

Hata hivyo awamu ya pili ya mpango huo ilipopimwa, matokeo ya 2019 yalinipa moyo: miezi 19 hadi 24 baada ya kuanza kusaidiwa, asilimia 1.7 ya watoto walikuwa wametolewa kwao na kulelewa chini ya serikali, wakati kwa familia za kulinganishwa ilikuwa 2.5. Unaweza kuiona ndogo. Mimi naona watoto waliolala nyumbani kwao.

Basi nimeandika barua kwa mkuu, kurasa mbili, nimeiambatanisha na hii. Sitaki kulalamika uchovu, maana atanipa likizo ya siku tatu na familia 15 zitanisubiri palepale. Nataka aone kwamba nikiongezewa, yule mama anabaki na mtu wa nne wa kumwita ofisini. Na akina baba wawili walioanza kunifungulia mlango... basi, hayo nikianza sitamaliza.

Uisome kabla ya Ijumaa, tafadhali. Je, nimeweka hasira mno? Akinitolea yale ya 2016, nimjibuje? Ninyi kule mliwahi kugomea idadi, au mlinyamaza kama mimi? Je, nikubali 8 nikibanwa, au nikikubali 8 leo kesho ni 12? Na wewe mgongo unaendeleaje, umerudi kwa daktari? Yule kijana wako amefaulu? Shemeji ameacha kweli au ni maneno?

Kesho saa moja kasorobo niko ngazini. Jana imeingia bahasha ya 24, na mama amenipigia mwenyewe kuniambia.

Ni mimi somo yako