Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: kampasi ya Kigoma ipate karakana ya vifaa tiba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: MAFUNZO YA UFUNDI WA VIFAA TIBA MKOANI KIGOMA

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kwa heshima, sisi mafundi sanifu wa vifaa tiba tunaofanya kazi mkoani Kigoma. Mkoa wetu umepata kampasi ya MUHAS, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kupitia mradi wa HEET wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Ombi letu ni kwamba kampasi hiyo iwe na karakana ya kufundishia matengenezo ya vifaa tiba, yenye fungu lake kila mwaka na walimu waliokwisha kushika bisibisi. Leo kijana wa Uvinza au Kakonko anayetaka stashahada ya fani hii huifuata mbali, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) kwa mfano, mwisho mwingine wa reli ya kati.

Umbali ni nusu ya shida. Nusu ya pili ni namna ufundi huu unavyofundishwa: mwanafunzi anaiona mashine kwenye slaidi, anachora mchoro wake kwenye mtihani, kisha anaajiriwa bila kuwahi kufungua kava lake.

Chukua konsentreta ya oksijeni, ile ya kando ya kitanda. Inavuta hewa ya kawaida yenye oksijeni asilimia 21, kompresa inaisukuma kupita kwenye mitungi miwili ya zeolaiti, punje za madini yenye vitundu vidogo mno, zeolaiti inashika naitrojeni, na kwa mgonjwa inatoka oksijeni ya asilimia 93 hivi. Zeolaiti haivumilii unyevu. Mashine ikikaa stoo masika nzima bila kuwashwa, au ikifanya kazi na kiungo kinachovuja, uwezo wake unapungua kidogo kidogo. Hatari yake ni kwamba kigololo cha kuonyesha mtiririko wa hewa bado kitasimama kwenye lita 5 kwa dakika. Muuguzi ataona kila kitu kiko sawa, huku mtoto mwenye nimonia anapata hewa isiyo na tofauti kubwa na ya dirishani. Kengele ya oksijeni pungufu inapaswa kulia asilimia ikishuka chini ya 82, lakini kengele nayo ni sehemu ya mashine, na huharibika.

Kwa hiyo mwanafunzi afundishwe kupima kwa kipima oksijeni kwanza, kisha afuate mpangilio: filta ya nje aioshe na kuikausha, filta ya ndani aikague, viungo vyote avipake povu la sabuni kutafuta mvujo, asikilize vali zinavyobadilishana, zeolaiti iwe ya mwisho kulaumiwa. Fundi asiyejua mpangilio huu huandika "mtambo umekufa" wakati kilichopasuka ni kipande cha mpira. Mpangilio wa namna hii huingia mwilini kwa kurudiwa juu ya mashine halisi, na mashine mbovu zipo kwenye stoo za hospitali zetu. Zihamishiwe kampasi kwa utaratibu wa kisheria wa mali za umma ziwe vifaa vya kufundishia. Mashine mpya inayofungiwa kabatini isije ikachubuka haimfundishi mtu.

Mfano wa pili ni mtambo wa kutakasia vyombo vya upasuaji kwa mvuke. Vitabu vinasema mgandamizo wa 15 psi (pauni kwa inchi ya mraba), nyuzi joto 121 za Selsiasi, kwa dakika 15. Hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari, na Kasulu iko juu zaidi, kupita mita 1,200. Geji inasoma tofauti tu ya mgandamizo wa ndani na wa nje, na huko Kasulu wa nje ni mdogo, kwa hiyo 15 psi ya geji inaleta nyuzi 119 hivi. Ili kufika 121 inatakiwa takriban 17 psi, baada ya kuhakikisha mtambo wenyewe umetengenezwa kustahimili kiasi hicho. Vinginevyo muda uongezwe kwa kufuata jedwali la mtengenezaji. Hewa iliyobaki ndani kwa sababu vali ya kutoa hewa ilifungwa mapema hushusha joto zaidi, na geji haitasema. Mtaala unaofundishwa Kigoma uwe na hesabu za Kigoma.

Umeme nao una somo lake. Kiwango chetu ni volti 230 na hezi 50. Vifaa vya msaada kutoka Marekani huja vya volti 120 na hezi 60. Transfoma inarekebisha volti, haigusi hezi: mota nyingi za hezi 60 zikiwa kwenye hezi 50 huzunguka kwa kasi ya tano ya sita, hupata moto, na huweza kuungua. Karakana iwe na transfoma ya kurekebishika ya sifuri hadi volti 260, mwanafunzi aone kwa macho kompresa inavyohangaika kuanza kwenye volti 180, na apime mkondo unavyopanda. Soketi za meza ziwe na kinga ya miliampia 30, inayokata umeme mkondo ukivuja, na waya wa ardhi (earth) upimwe kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuingia.

Kuhusu walimu, Mheshimiwa, hapa ndipo tunapoomba mkono wako hasa. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Stashahada na vyeti vya ngazi ya 4 hadi 6 viko chini ya NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Fundi mwenye stashahada na uzoefu mrefu hospitalini anaangukia katikati: hawezi kuwa mhadhiri, na cheo cha msaidizi wa maabara hakimpi mamlaka ya kufundisha wala kutoa alama. Taasisi hizo mbili zikae, zikubali cheo cha mwalimu wa karakana chenye mshahara wake.

Mtihani wa mwisho uwe wa mikono kwa asilimia 60: mashine tatu zilizofichwa hitilafu, muda wa saa tatu, na mwanafunzi aandike alichopima, alichokuta, alichofanya, na alivyothibitisha kuwa imepona.

Mafunzo ya hospitalini yasipungue wiki nane. Mwanafunzi aende na sanduku lake la zana na maltimita, pamoja na orodha ya kazi zinazosainiwa moja moja. Asiyekuwa na zana huishia kubeba mafaili.

Na fungu la vipuri. Mradi hununua mara moja, na karakana hufa mwaka wa pili kwa kukosa fyuzi, gasketi, hita, filta na risasi ya kuchomelea, vitu vya bei ndogo ambavyo havimo kwenye bajeti ya mtu. Tunaomba viwe na kasma yake kwenye bajeti ya kampasi, tofauti na ya maabara, na msimamizi wa karakana apewe idhini ya kununua kidogo kidogo madukani Mwanga, hapa mjini Kigoma, bila kusubiri zabuni.

Michoro ya karakana ikianza, tuko tayari kukaa na wahandisi wako bila malipo, kuanzia mahali pa kuweka kompresa hadi urefu wa meza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mafundi sanifu wa vifaa tiba,
Kigoma.