Barua ya wazi kwa mkuu wa maafa: hiyo tahadhari tunaichukuaje?

Mheshimiwa, shikamoo. Naandika hapa wazi kwasababu najua hili sio la nyumba yangu peke yake.

Kila mvua kubwa ikikaribia tunapata meseji, wananchi chukueni tahadhari, basi imeisha hapo. Sasa usiku maji yalipoingia kwetu hiyo tahadhari tulikuwa nayo, meseji ilifika mchana nikaisoma, nikamsomea na mama watoto, alafu tukalala.

Saa nane usiku nashusha mguu kitandani unaingia kwenye maji. Taa zimezima, simu ina chaji asilimia 6, funguo ya grili haionekani, mama mzazi anaulizia dawa zake za presha, na tulipofanikiwa kufungua mlango mtoto wetu wa kwanza akachomoka gizani kwenda kwa jirani bila sisi kumuona, kwahiyo mimi nikarudi ndani nikawa nampapasa chini ya maji chumba hadi chumba nikiita jina lake. Alikuwa salama. Lakini zile dakika bado zinaniamsha usiku.

Kilichoniuma baadae ni kwamba kujipanga kulituchukua jioni moja tu! Funguo sasa inakaa kwenye msumari pembeni ya mlango na haihami. Tuna sehemu mbili za kukutana, moja nje tu ya nyumba kama ni moto, nyingine mbali kidogo mlimani kama ni maji. Tuna ndugu anayekaa mji mwingine, kila mtu anamtumia yeye meseji kusema yuko wapi, maana janga likitokea laini za hapahapa zinajaa na meseji inapenya hata pale simu inapokataa kupiga, na watoto namba yake wameishika kichwani sio kwenye simu. Maji ya akiba lita 4 kwa mtu kwa siku, ya siku 3. Begi lina dawa, tochi, na vyeti ndani ya mfuko usioingiza maji. Meni swichi nazima mimi, ila kama nimeshasimama kwenye maji siigusi. Bibi anashikwa mkono na mama watoto, hakuna kuulizana tena.

Alafu tukafanya zoezi taa zikiwa zimezimwa, na hapo ndio tukagundua mtoto mdogo hafikii ule msumari, tukaushusha. Usingefanya zoezi usingejua.

Mheshimiwa, pale kisiwa cha Simeulue Indonesia, tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 iliwakuta watu kama 78,000 na waliokufa walikuwa 7, wakati ng'ambo pale bara, upande wa Aceh kwenye kisiwa kikubwa cha Sumatra, walikufa zaidi ya laki moja. Hawakusubiri king'ora. Tangu tsunami ya 1907 wazee wao walikuwa wanawasimulia na kuwaimbia watoto kuhusu "smong", yani tsunami kwa lugha yao, kwamba ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani usigeuke. Yani maelekezo yalikuwa ndani ya nyumba tayari, miaka karibu mia.

Ndio maana naomba meseji zenu ziseme kitendo. Wanaokaa bondeni wahamie wapi, saa ngapi, wapite njia gani. Na shuleni watoto wapewe karatasi ya mpango kama huu wetu waijaze na wazazi kama homuweki, maana mtoto akiuliza "baba tunakutana wapi" huwezi kumkwepa. Na wale wasioweza kutembea wenyewe, mtaa ujue wako nyumba gani kabla, sio tuanze kuwatafuta maji yakiwa magotini.

Karatasi yetu imebandikwa nyuma ya mlango, ina mistari tisa, mwandiko wa mtoto. Kama ofisi yako inatafuta pa kuanzia, nitaleta nakala mwenyewe.