Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Ushirika

Ndugu Mchungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa madarasa, na ninyi nyote wanachama wa Umoja wetu, nawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asome taarifa yake katika mkutano mkuu wa Januari, kabla ya Ibada ya Agano, ili tunapoingia katika ibada hiyo tuwe tumekwisha kuambizana ukweli kuhusu mwaka uliopita. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na mahudhurio ameyaandaa katibu, kwa hiyo sitayarudia. Mimi nitaeleza jinsi tulivyoishi pamoja tangu joto la kaskazi la Januari iliyopita hadi maembe ya Desemba, na nitakaa zaidi kwenye jambo moja ambalo sehemu kubwa ya lawama yake ni yangu.

Mwaka tuliufungua kwa Agano, kama ilivyo desturi. Kwa faida ya waliojiunga nasi karibuni, ibada hii John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliiongoza kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1755, na ndani yake kila mmoja hukiri kwamba yuko tayari kutumiwa na Mungu au kuwekwa kando, kujazwa au kubaki mtupu. Tuliyasema maneno hayo kwa sauti moja huku tukijipepea kwa karatasi za matangazo, kwa kuwa feni ilikuwa moja na umeme ulikuwa unakuja na kuondoka, na nadhani wengi wetu tuliifikiria zaidi ile sehemu ya kutumiwa kuliko ile ya kuwekwa kando.

Kwaresima ilipita kwa utulivu. Mchungaji wetu anahudumia makanisa kadhaa ya mzunguko huu na hatumpati kila Jumapili, kwa hiyo ibada za Jumatano jioni ziliongozwa na wahubiri wetu wa zamu kwa kufuata mpango wa robo mwaka uliobandikwa mlangoni. Nawashukuru, hasa wale wanaotoka kazini Kariakoo saa kumi na moja na kufika hapa saa moja wakiwa wamesimama kwenye daladala njia nzima.

Kisha ikaja masika. Mnafahamu kwamba mtaro ulio nyuma ya kanisa ulikuwa umejaa mchanga na chupa za plastiki, na kwamba jambo hilo lilizungumzwa katika mikutano miwili bila mtu kushika koleo. Jumapili ya pili baada ya Pasaka maji yaliingia kwa mlango wa nyuma kabla ya alfajiri, na mlinzi alipotupigia simu yalikuwa yamefunika kidato cha kwanza cha madhabahu. Vijana wa nyumba ya jirani, ambao ni Waislamu na walikuwa wakitoka kuswali, ndio waliokuwa wa kwanza kuvua viatu na kuingia. Walipofika wazee wa kanisa, kinanda kilikuwa kimekwisha kupandishwa juu ya mabenchi mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine, na vitabu vya nyimbo vimehamishiwa kwenye baraza la mama yao, vimetandazwa juu ya mkeka kurasa zikiwa wazi. Tulipeleka barua ya shukrani na kilo kadhaa za sukari, na mama huyo alituambia kwamba sukari anaipokea lakini barua si ya lazima baina ya majirani.

Kwa wiki nne hatukuweza kusali ndani. Wanachama wanaoishi ng'ambo ya Bonde la Msimbazi hawakuweza hata kuvuka kwa siku kadhaa, maana barabara ya Morogoro ilifungwa pale Jangwani, kama inavyotokea mvua zikizidi. Kamati iliamua kila darasa, yaani kikundi kidogo cha wanachama chini ya kiongozi wake, lisali nyumbani kwa mwanachama mmojawapo. Uamuzi huu ulikuwa wa dharura tu. Sikutarajia kwamba ungetufundisha lolote.

Darasa la tatu, ambalo nami ni mwanachama wake, lilikubaliana kusali kwa mmoja wa mama zetu wazee, kwa kuwa sebule yake ni kubwa na nyumba iko juu kidogo, maji hayafiki. Kiongozi wa darasa alimpigia simu, mjukuu akapokea, akasema karibuni. Tulifika watu tisa, miguu ina matope. Mama hakuwepo sebuleni. Alikuwa chumbani, kitandani, na alikuwa hapo kwa wiki saba kwa ajili ya nyonga, baada ya kuteleza uani. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Kwenye daftari la mweka hazina jina lake lilikuwa safi kuliko ya wengi wetu: ahadi yake ya mchango ilikuwa imeingia kila mwezi, tarehe ileile, kwa simu. Mjukuu ndiye aliyekuwa akiituma kwa maagizo yake. Kwa hiyo kila tuliposoma orodha, tulimhesabu miongoni mwa walio wazima.

Alifurahi kutuona na hakulalamika. Ila alimtazama ndugu aliyekuwa zamani mkusanyaji wa ahadi yake, akamuuliza, "Baba, siku hizi hamji tena kuchukua?" Kisha akamwagiza mjukuu afungue kabati na kutoa chupa ya soda ya tangawizi iliyokuwa na vumbi mabegani, kwa sababu ndugu huyu zamani alipokuja kuchukua ahadi hakuwa akinywa soda nyingine. Ilikuwa imekaa humo ikimsubiri. Aliinywa hapohapo, ya moto, mbele yetu sote, na ibada ikachelewa kuanza.

Ndugu wanachama, aliyeleta hoja ya kutuma ahadi kwa simu ni mimi, miaka mitatu iliyopita, katika mkutano kama huu. Hoja ilikuwa na sababu nzuri, na nyingi bado zinasimama: wakusanyaji walikuwa wakitembea na fedha usiku, nauli ya bodaboda ilikuwa ikila sehemu ya kile walichokusanya, na stakabadhi za karatasi zilikuwa zikipotea. Makusanyo yalinyooka. Lakini nilipopendekeza kwamba wasiende tena kuchukua fedha, sikuuliza ni kitu gani kingine walichokuwa wakikichukua huko, na hilo ni kosa ambalo Mmethodisti hakupaswa kulifanya, kwa sababu historia ya madarasa yetu yenyewe ndiyo hiyohiyo.

Mwaka 1742 jamii ya Wamethodisti wa Bristol ilikuwa na deni la jengo lao. Mmoja wao, Kapteni Foy, alitoa shauri kwamba kila mwanachama atoe peni moja kwa wiki mpaka deni liishe. Alipojibiwa kwamba wengine ni maskini na hawana, akasema wapewe yeye kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Atawapitia kila wiki, na asiye na kitu atamlipia yeye. Wengine wakafuata mfano wake. Waliopita nyumba kwa nyumba wakaanza kuleta, pamoja na peni, habari za nani anaumwa, nani amegombana na mkewe, nani amerudia pombe, na Wesley akaona kwamba hiki ndicho alichokuwa akikitafuta kwa muda mrefu. Darasa lilizaliwa kutokana na mkusanyaji mlangoni. Sisi tulimwondoa mkusanyaji, tukabakiza jina la darasa kwenye daftari.

Kuanzia Juni, mvua zilipokwisha na kipupwe kikaleta jioni za kutembea, kamati ilielekeza kwamba fedha ziendelee kutumwa kwa simu, lakini kila kiongozi wa darasa amtembelee kila mwanachama wake walau mara moja kwa mwezi, bila daftari la fedha mkononi. Haikuwa rahisi, na sitaki taarifa hii ionyeshe kwamba ilikuwa. Madarasa mawili yametekeleza vizuri, moja kwa kusuasua, na darasa la nne, ambalo watu wake wametawanyika kutoka Kimara mpaka Mbagala, halijaweza kabisa. Kiongozi wake ni mtu mwenye bidii na amekuwa akitumia nauli yake mwenyewe, jambo ambalo si haki. Wako pia wasiopenda kutembelewa. Kijana mmoja aliniambia waziwazi kwamba amepanga chumba kimoja, mwenye nyumba hapendi wageni, na yeye mwenyewe hapendi kiongozi wake akae kitandani kwa kukosa kiti. Tulikubaliana wawe wanakutana kwenye kibanda cha chipsi karibu na stendi. Kwa maoni yangu huko nako ni kutembelewa, na huenda wanaongea mengi kuliko ambavyo wangeongea sebuleni.

Jumapili ya Mavuno tuliifanya Agosti. Kila mwaka yupo anayeuliza kwa nini watu wa mjini wasio na shamba wanaadhimisha mavuno, na kila mwaka meza hujibu. Zilikuwepo ndizi, miwa, kuku wawili waliofungwa miguu, kreti za mayai, ndoo ya dagaa na gunia la mkaa. Fundi bomba wetu alileta koki mpya mbili ndani ya boksi, na fundi cherehani alileta shati la shule. Katika mnada, boga moja kubwa liliuzwa mara tano, kwa sababu kila aliyelinunua alilirudisha mezani liuzwe tena, hata katibu akaacha kuandika jina la mnunuzi na kuandika "boga" tu kwenye kila mstari. Tulicheka sana. Baada ya ibada, hata hivyo, wanachama wawili walinifuata wakasema kwamba mnada wa namna hii huwafurahisha wenye nacho, na kwamba mwenye elfu moja mfukoni hukaa kimya akiangalia chini. Nadhani wana hoja. Kamati imependekeza kwamba mwaka huu nusu ya vitu viuzwe mezani kwa bei ndogo iliyoandikwa, na mnada ubaki kwa vichache. Boga naomba libaki kwenye mnada.

Mfuko wa kufa na kuzikana ulitumika mara mbili, na mara zote mbili fedha, turubai na viti vilifika msibani siku ileile. Mfuniko wa sufuria kubwa haukurudi kutoka msiba wa pili. Aliye nao aurudishe, hataulizwa.

Majilio yalikuja na vuli na maembe. Wanaokaa upande wa dirisha wanajua kwamba mwembe wetu una tabia ya kuangusha embe juu ya bati katikati ya sala ya kimya, na kwamba watoto hufumbua macho wote kwa pamoja. Jumapili ya kwanza ya Majilio yule mama wa darasa la tatu alirudi kanisani, ameletwa na bajaji, akakaa karibu na mlango kwa sababu ya fimbo yake. Dereva aliuliza kama hili ni la Walutheri. Huulizwa hivyo mara kwa mara, nami humjibu kila mmoja kwamba Wamethodisti wako kwenye pwani hii ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1862, walipoanzia Ribe, karibu na Mombasa. Dereva huyu alisikiliza kwa adabu, akaomba chenji.

Wiki ya Krismasi, kama ilivyo Dar es Salaam nzima, wengi walipanda mabasi kwenda Moshi, Iringa na Mbeya, na kwaya ikabaki na besi mmoja. Tuliobaki tulipika pilau kwenye sufuria isiyo na mfuniko, tukaifunika kwa sinia, na vijana wa jirani pamoja na mama yao walikaa nasi mpaka magharibi. Sahani yao ya kwanza ilipakuliwa na mlinzi, ambaye alisema wanamdai toka masika.

Naleta mbele ya mkutano maombi mawili. La kwanza, mtaro uzibuliwe na kujengewa kabla ya Machi, na tarehe ya kazi hiyo ipangwe leo, si na kamati. La pili, Umoja utenge nauli kwa ajili ya viongozi wa madarasa, na darasa la nne ligawanywe mara mbili kwa kufuata maeneo. Katibu ameweka madaftari mapya ya madarasa kwenye meza ya mlangoni. Kabla ya kuondoka, kila mmoja ahakikishe mtaa wake na alama ya karibu na nyumba yake vimeandikwa sawasawa, pamoja na saa ambayo huwa yuko nyumbani.

Mwenyekiti wa Umoja