Chakula cha shuleni kijali mifupa ya vijana

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niwasihi wazazi na kamati za shule za sekondari za Lindi na Mtwara waitazame upya sahani ya mchana ya watoto wetu, ambayo mara nyingi ni ugali na maharage tu. Kijana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji takriban miligramu 1,300 za madini ya kalsiamu kwa siku, kiasi kinachozidi mahitaji ya mtu mzima wa makamo, kwa kuwa ndio umri ambao mifupa hujiwekea sehemu kubwa ya uimara wake, na nafasi hiyo hairudi ukubwani. Maziwa ni ghali kwa wengi wetu, lakini dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao wapo sokoni, na ufuta tunaulima wenyewe, ingawa, inasikitisha kusema, tunauuza kuliko tunavyoula. Mchicha pia una kalsiamu, ila oksalati, kemikali ya asili iliyomo, huzuia sehemu kubwa isifyonzwe. Vitamini D, inayousaidia utumbo kufyonza kalsiamu, hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua. Kwa hiyo wanafunzi wanaoshinda madarasani na mabwenini watengewe muda wa michezo uwanjani. Kamati zingeweza kuanza na dagaa mara mbili kwa wiki.

Mzazi,
Lindi